Betri za Ndege Nyuki Mkoani Simiyu: Namna ya Kuzihifadhi, Zipi Zifufuliwe na Zipi Ziondolewe

Na Mwandishi Wetu, Bariadi

Pamba mkoani Simiyu hupandwa kuanzia mwezi Novemba, hunyunyiziwa viuatilifu katika miezi ya mwanzo ya mwaka, na ununuzi wake kwa kawaida hufunguliwa mwezi Mei. Kwa mmiliki wa ndege nyuki ya kunyunyizia, kalenda hiyo ina maana kwamba chombo chake hukaa stoo zaidi ya nusu mwaka, na sehemu kubwa ya muda huo ni kiangazi. Betri isiyotunzwa katika kipindi hicho hukataa kuwaka siku funza wa vitumba wanaporejea shambani, na jitihada za kuifufua kwa njia isiyo sahihi zinaweza kuchoma nyumba.

Makala haya yanaeleza namna ya kuhifadhi betri hizo kati ya msimu mmoja na mwingine, mazingira ambayo betri iliyolala inaweza kurejeshwa kazini, na wakati ambapo haipaswi kuguswa tena.

Matumizi ya ndege nyuki mkoani

Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 makao yake makuu yakiwa Bariadi, ni miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa kilimo cha pamba nchini. Ndege nyuki za kunyunyizia viuatilifu zimeanza kutumika katika kilimo hicho. Aidha, teknolojia hii ina nafasi katika kukabiliana na wanyamapori waharibifu, kwa kuwa wilaya za Bariadi, Itilima na Meatu zinapakana na maeneo ya hifadhi, ikiwemo Hifadhi ya Taifa ya Serengeti na Pori la Akiba Maswa. Utafiti uliofanyika pembezoni mwa hifadhi za Tanzania na kuchapishwa katika jarida la Oryx mwaka 2017 ulionesha kuwa ndege nyuki zinaweza kuwaondoa tembo mashambani kabla hawajaleta madhara makubwa.

Katika kazi zote mbili, muda ni mfupi. Tembo akiingia shambani usiku, betri isiyokuwa na chaji haimsaidii mwenye shamba.

Namna betri inavyofanya kazi

Ndege nyuki nyingi hutumia betri za lithiamu, ambazo ni tofauti na betri za gari. Kila betri ni mkusanyiko wa seli. Seli moja ina volti 3.7 za kawaida, hujaa ikifika volti 4.2, na haipaswi kushuka chini ya volti 3.0. Betri ya ndege nyuki ya kunyunyizia yenye seli 14 kwa hiyo ina volti 51.8 za kawaida, hujaa kwenye volti 58.8, na ukomo wake wa chini ni volti 42.

Betri huendelea kupoteza chaji kidogo kidogo hata ikiwa haitumiki. Ikihifadhiwa ikiwa imeisha, hushuka chini ya ukomo huo na kuharibika. Ikihifadhiwa ikiwa imejaa kabisa, kemikali zake huchakaa upesi, hasa penye joto, na inaweza kuvimba. Hali salama ya kuhifadhi ni chaji ya kati, yaani asilimia 40 hadi 60, sawa na takribani volti 3.8 kwa kila seli.

Uhifadhi kati ya misimu

Mmiliki au mwendeshaji anashauriwa kuzingatia yafuatayo:

1. Betri iliyotoka kazini iachwe ipoe kabla ya kuchajiwa. Itumike chaja iliyotengenezwa kwa ajili yake; chaja ya betri ya gari isitumike kamwe.

2. Kabla ya kuwekwa stoo, betri ifikishwe kwenye chaji ya kati, kisha itolewe kwenye ndege nyuki.

3. Chumba kiwe kikavu, chenye hewa na kivuli, joto likiwa kati ya nyuzi 15 na 25 za Sentigredi kadiri inavyowezekana. Stoo ya mabati isiyo na dari, au gari lililoegeshwa juani, hupata joto kali mno kwa betri hizi.

4. Betri zisiwekwe pamoja na pamba, viuatilifu, mafuta au magunia. Jambo hili linavihusu zaidi vyama vya msingi vya ushirika, ambavyo ghala moja huweza kubeba pamba na pembejeo kwa pamoja. Betri zitengewe chumba chake chenye sakafu ya saruji, mbali na mlango wa kutokea.

5. Kila betri iwe na namba na daftari lake. Chaji ikaguliwe kila mwezi, na betri iongezewe chaji pale inaposhuka.

6. Betri isichajiwe usiku watu wakiwa wamelala, wala isiachwe kwenye chaja bila mwangalizi.

Betri ipi inaweza kufufuliwa

Betri isiyowaka haina maana kwamba imekufa. Betri nyingi za kisasa zina saketi ya ulinzi inayoizima betri yenyewe chaji inapokuwa ndogo sana. Betri ya namna hiyo huamshwa kwa kuunganishwa na chaja yake halisi, kwa kufuata maelekezo ya kitabu cha mtengenezaji. Ikiamka, ichajiwe chini ya uangalizi na seli zake zilinganishwe. Seli moja ikiwa nyuma ya nyingine kwa tofauti kubwa, betri hiyo isirushwe.

Kwa betri isiyo na saketi hiyo, ambayo seli zake zimeshuka kidogo tu chini ya volti 3.0, fundi mwenye ujuzi na chaja yenye uwezo wa kudhibiti mkondo anaweza kuirejesha kwa mkondo mdogo sana, takribani sehemu moja ya ishirini ya uwezo wa betri, hadi seli zivuke volti 3.0. Kazi hiyo hufanyika nje au penye hewa, juu ya sakafu isiyoungua. Betri ikianza kupata joto au kuvimba, kazi isitishwe mara moja.

Seli iliyoshuka chini ya volti 2.0 haifufuliwi. Katika hali hiyo, shaba iliyomo ndani ya seli huanza kuyeyuka. Betri ikichajiwa tena, shaba hiyo huganda mahali pasipo pake na kutengeneza njia ya umeme kati ya upande chanya na hasi. Betri inaweza kuonekana imepona, ikakubali chaji na hata kuruka, kisha ikashika moto siku nyingine bila dalili. Kwa sababu hiyo, mtindo wa kubusti betri kwa nyaya kutoka betri nyingine, au kuiruka saketi ya ulinzi, ni hatari kwa fundi, kwa mmiliki na kwa walio chini ya ndege nyuki inayoruka.

Vilevile, betri iliyovimba, iliyotoboka, iliyolowa maji au dawa, iliyoanguka kwa kishindo au inayotoa harufu ya kemikali iondolewe kwenye matumizi hata kama bado inawaka.

Usafirishaji

Betri inayopelekwa kwa fundi, Mwanza au kwingineko, izibwe ncha zake kwa utepe wa plastiki, ifungwe isigongane na vyuma, na isikae juani. Kwa usafiri wa ndege za abiria, betri ya akiba isiyozidi wati-saa 100 hubebwa kwenye mzigo wa mkononi. Kati ya 100 na 160 huhitaji idhini ya shirika la ndege. Inayozidi 160 hairuhusiwi. Betri ya kunyunyizia yenye volti 51.8 na ampea-saa 29 ina takribani wati-saa 1,500, hivyo haiwezi kusafiri na abiria.

Moto ukitokea

Moshi wa betri ya lithiamu una sumu. Watu waondoke kwanza, umeme ukatwe ikiwa inawezekana kufanya hivyo kwa usalama, kisha Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lipigiwe kwa namba 114. Maji mengi husaidia kuipoza betri na kuzuia moto usienee. Betri iliyozimika inaweza kuwaka tena baada ya saa kadhaa, hivyo isirudishwe ndani.

Betri zilizokwisha muda

Betri mbovu isitupwe jalalani, isifukiwe shambani wala kuchomwa. Ihifadhiwe nje ya makazi, kwenye chombo cha chuma chenye mchanga kisichofungwa kwa kubana, hadi ikabidhiwe kwa mkusanyaji wa taka hatarishi mwenye kibali. Maelekezo kuhusu taka hizo hupatikana kwa maafisa mazingira wa halmashauri na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC).

Wamiliki wa ndege nyuki wanakumbushwa kukagua betri zao mapema, kabla ya mvua za Novemba, ili itakayobainika kuwa mbovu ipatiwe mbadala kabla ya msimu wa kunyunyizia kuanza. Gharama ya betri mpya ni kubwa, lakini haiwezi kulinganishwa na hasara ya ghala la pamba kuungua au ya maisha ya mtu.