Mloweko wa bia

Neno lililonikwamisha lilikuwa kwenye siku ya nne ya ratiba. Kundi la wasafiri kutoka Dar es Salaam lilikuwa likijiandaa kwenda Jamhuri ya Cheki, na wakala wao wa safari alinipa kurasa sita nizipitie, maana alikwisha kumpa mtu mwingine azitafsiri na wateja hawakuridhika. Prague, Plzeň na Karlovy Vary zilipita bila taabu. Alasiri ya siku ya nne, katika mji mdogo wa Chodová Planá, palikuwa na maneno mawili ya Kicheki, pivní lázně, na mbele yake aliyenitangulia ameandika: "kuogelea ndani ya pombe." Mama mmoja wa makamo, mzee wa kanisa, alipoyasoma alitaka arudishiwe fedha zake.

Alikuwa na haki. Alisoma Kiswahili safi kikamweleza jambo ambalo halipo. Huko hakuna anayeogelea, na kinachojazwa katika hodhi la kuogea hakifanani sana na kile anachokijua yeye kwa jina la pombe. Tangu siku hiyo nimekuwa nikilitafutia jambo hili jina la haki.

Tuanze na Wacheki wenyewe. Pivo ni bia, na pivní ni "ya bia". Hapo hapana ugumu. Ugumu uko kwenye lázně, neno linalobeba historia nzima ya magharibi ya nchi hiyo. Mji wa Mariánské Lázně, jirani na Chodová Planá, maana yake ni maogeo ya Maria. Karlovy Vary una chemchemi iitwayo Vřídlo, inayorusha maji ya nyuzi joto 73 hivi hadi mita 12 kwenda juu. Miji hii miwili, pamoja na Františkovy Lázně, iliingizwa mwaka 2021 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, ikiwa miongoni mwa miji 11 ya maji ya tiba barani Ulaya. Kwa Mcheki, lázně ni mahali ambapo daktari humwandikia mgonjwa aende akanywe maji na kujiloweka kwa majuma, na bima ya afya huweza kulipa. Kwa hiyo kiwanda cha bia cha Chodovar kilipofungua pivní lázně mwaka 2006 pale Chodová Planá, kiliazima neno lenye heshima ya zahanati na kulitia kwenye starehe ya alasiri moja.

Waingereza nao hulitafsiri lázně kwa neno spa, nasi tumelipokea hivyo hivyo. Spa ni jina la mji. Uko mashariki mwa Ubelgiji, katika jimbo la Liège, na watu wameufuata kwa karne nyingi kwa ajili ya maji yake yenye madini ya chuma. Umaarufu wake ukafanya jina la mji mmoja liwe jina la kila mahali pa namna hiyo. Wapo wanaosema kwamba spa ni kifupisho cha maneno ya Kilatini yenye maana ya afya kwa njia ya maji, lakini hiyo ni hadithi iliyobuniwa baadaye ili ilingane na herufi. Kwetu mambo kama haya si mageni: kitambaa cha pamba kilicholetwa Zanzibar kwa meli za Wamarekani katika karne ya 19 kiliitwa amerikani, na jina likabaki hata pale kitambaa kilipofumwa kwingine.

Tatizo ni kwamba spa, ilipofika Dar es Salaam na Nairobi, ilikuwa imeyaacha maji njiani. Ukimwambia mtu wa Sinza au Kilimani "naenda spa", atafikiria kitanda, mafuta, taulo na mtu wa kukukanda mgongo, labda na kusuguliwa miguu. Hafikirii hodhi. Kwa hiyo "spa ya bia", ambalo ndilo jina la kwanza linalokuja kinywani, linaweza kumfanya msomaji adhani atapakwa bia mwilini kama mafuta. Jina linamfikisha mlangoni tu.

Kanuni ya wanaistilahi wetu ni kuchimba kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe, kisha lugha za Kibantu, ndipo twende mbali. Nikachimba.

Kuna hamamu. Neno hili la Kiarabu lina nyumba yake Unguja: mtaa wa Hamamni, Mji Mkongwe, ulipata jina kutokana na hamamu iliyojengwa enzi za Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ambako watu walilipa kiingilio wakaoga kwa maji ya moto na ya baridi. Kule Kidichi iko nyingine, iliyojengwa mwaka 1850 na Seyyid Said kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi. Kwa maana ya mahali, hakuna neno linaloikaribia lázně kuliko hilo: jengo zima, vyumba vya joto, maji, kupumzika. Lakini hamamu imetoka katika ustaarabu ambamo kuoga ni sehemu ya twahara. Kuliunganisha na bia ni kumlazimisha msomaji wa pwani avumilie mgongano ambao hakuuomba. Nimeliacha, kwa majuto.

Josho halifai hata kidogo. Bara josho ni la ng'ombe, la dawa ya kupe, na kwa Waislamu ni la ibada au la maiti.

Nyungu ilinivuta zaidi. Kupiga nyungu, kwa asiyejua, ni kujifunika blanketi juu ya chungu cha maji yanayofuka, chenye majani ya mchaichai, mwarobaini au mkaratusi. Humo mna joto, mna mimea, mna harufu, na mna mtu anayetoka ametulia. Ukiondoa bia, viambato vyote vya Chodová Planá vimo. Nyungu pia ni jina la chombo, na chombo kimekuwa jina la tendo. Ila nyungu ni mvuke, na mwili haugusi maji. Singo ya bibi harusi nayo ni ya kusugua: liwa, waridi, mlangilangi, rihani, mkono wa somo ukizungusha juu ya ngozi. Hayo yote ni ndugu wa jambo tunalolitafutia jina, lakini hakuna lililo lenyewe.

Basi tuingie ndani tulitazame lenyewe. Prague peke yake ina nyumba kadhaa za aina hii, na utaratibu haupishani sana. Unaingizwa katika chumba chenye mwanga hafifu. Katikati pana pipa kubwa la mbao za mwaloni, lenye nafasi ya watu wawili, au hodhi la chuma au shaba. Maji ni vuguvugu, nyuzi joto 34 hadi 37, yaani karibu na joto la mwili wenyewe, na ndiyo maana baada ya dakika chache huhisi tena ngozi yako inaishia wapi. Mhudumu huleta viambato mbele yako. Kimea cha shayiri kinanuka kama mkate uliotoka tanuri sasa hivi. Hamira ya bia ni nzito, ya rangi ya maziwa yaliyochafuka. Na zipo hopi, zile koni ndogo za kijani zinazoipa bia uchungu wake. Umbo la koni hizo litamkumbusha mtu wa pwani tunda la mvinje, ila hopi ni laini, nyepesi kama karatasi, na ukiipasua kwa kucha unaona unga wa manjano, wenye kunata, ulio na harufu ya nyasi na limau. Uchungu na harufu yote ya hopi vimo katika unga huo.

Povu hupanda mpaka kifuani. Unakaa humo dakika 20, pengine 30. Kisha hujisuuzi. Unafungwa shuka au blanketi, unalazwa mahali pa kupumzikia, sehemu nyingine kwenye kitanda cha mabua ya ngano, na unaambiwa usioge kwa saa kadhaa ili kilichobaki kwenye ngozi kikae. Kando ya pipa huwa na bomba la bia ya kunywa kwa anayetaka. Hiyo ni bia nyingine, haina uhusiano na iliyomo pipani.

Hapo ndipo nilipoona kosa la mwenzangu lilipolala. Alikosea kitenzi. Kuogelea ni kwa mikono na miguu, baharini au bwawani. Kuoga nako hakufai, maana mwoga hujisugua na kujisuuza, na huyu hafanyi yote mawili. Kuogea ni hatari zaidi: tunasema kuogea sabuni, kwa hiyo "kuogea bia" itamaanisha bia imeshika nafasi ya sabuni. Tendo lenyewe, ukimwuliza mama yeyote jikoni, analo jina tayari. Maharage yanalowekwa. Mchele wa vitumbua unalowekwa. Kitu kinaachwa kimya ndani ya maji, maji yafanye kazi. Anayeingia kwenye pipa la bia anajiloweka.

Kutoka teremka tunapata mteremko, kutoka poromoka mporomoko, kutoka tetemeka mtetemeko. Kutoka loweka, kwa njia ileile, tunapata mloweko. Mloweko wa bia: sikio linalipokea, sarufi inalipokea, na mtu ambaye hajawahi kusikia habari za Wacheki anaweza kukisia atakachofanyiwa. Mahali paitwe spa ya bia, kwa kuwa spa imekwisha kuingia na haitatoka. Tendo liitwe mloweko. Kiingereza kimeviweka vitu viwili ndani ya jina moja, nasi hatulazimiki kukifuata.

Lipo neno la tatu nililolipigania na nafsi yangu: bia yenyewe. Katika nyumba nyingi pipa halijazwi bia tupu. Chodovar huchanganya bia nyeusi na maji ya madini, na kwingineko ni maji ya moto yaliyotiwa kimea, hopi na hamira. Nilitamani kuandika "mloweko wa kimea". Kimea ni neno letu la siku zote. Wapika mbege wa Kilimanjaro huotesha ulezi, huukausha na kuusaga, na kazi hiyo ni ileile anayofanya Mcheki kwa shayiri. Jina hilo lingemtuliza yule mama wa kanisani. Nikaliacha kwa sababu lingemficha jambo. Wako wasomaji ambao dini yao inawakataza kileo, na wako walioapa kutokigusa baada ya kuumizwa nacho. Hao wana haki ya kuliona neno bia kabla ya kulipa nauli, hata kama mtu halewi kwa kulowekwa. Istilahi inayopendeza lakini inayomnyima msomaji nafasi ya kuamua ni istilahi mbaya.

Kuhusu hopi sikuwa na la kuchagua. Mmea huu huhitaji siku ndefu za kiangazi ili ukue vizuri kabla ya kutoa maua, siku ambazo nchi za ikweta hazina, kwa hiyo haukuota kwetu na haukupata jina. Wacheki huulima zaidi kuzunguka mji wa Žatec, ambao mandhari ya mashamba yake yaliingia UNESCO mwaka 2023. Tuuite hopi, basi.

Wenye biashara hii husifu sana vitamini za hamira kwa ngozi na nywele. Mimi nashauri mfasiri asiongeze chumvi hapo. Maji vuguvugu hulegeza misuli na kutuliza akili, na hilo halina ubishi. Hopi imetumika Ulaya tangu zamani kwa kusaidia usingizi, hata kwa kutiwa ndani ya mto wa kulalia. Zaidi ya hapo, ratiba iseme "burudani", isiseme "tiba". Tena itaje wazi kwamba maji ya moto na kileo vyote hupanua mishipa ya damu, kwa hiyo mwenye moyo dhaifu, mwenye shinikizo la damu na mjamzito amwone daktari kwanza, na anayekunywa humo anywe kidogo, asinyanyuke ghafla.

Desturi hii imevuka mipaka. Iceland, nchi iliyopiga marufuku bia hadi tarehe 1 Machi 1989, ilifungua nyumba yake mwaka 2017 katika kijiji cha Árskógssandur, nayo inaitwa Bjórböðin, yaani maogeo ya bia. Mapipa ya huko yametengenezwa kwa mbao ziitwazo kambala katika biashara. Kambala ni mvule. Kwa hiyo kaskazini kabisa mwa Ulaya, mtu analala ndani ya bia changa, amezungukwa na ubao uleule ambao seremala wetu anaufanyia makabati na milango.

Ratiba niliirudisha hivi: "Siku ya nne, alasiri: mloweko wa bia, dakika 20, katika spa ya kiwanda cha bia, Chodová Planá. Asiyependa atatembezwa mjini." Yule mama alisafiri, na alasiri hiyo alichagua kutembea.

Sidai kwamba mloweko ndilo neno la mwisho. Kiswahili kinasemwa kutoka Lamu hadi Bukavu, na mahali pengi watu huwaweka wanawake waliojifungua, wagonjwa na wachovu katika maji ya moto yenye majani. Kama kwenu tendo hilo lina jina, liandike, eleza linavyofanywa, na ulipeleke Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) kabla wazee wanaolijua hawajaondoka nalo.