DAMU INASEMA, Sehemu ya 4: Kipimo cha sukari cha miezi mitatu kilitoka wapi?

Leo tuko kwenye protini ambayo wengi wenu mnaijua kwa jina la "wingi wa damu". Hemoglobini. Ndiyo inayoipa damu wekundu wake na kubeba oksijeni mwilini. Ila ina jambo jingine ambalo hakuna aliyelitarajia: inatunza kumbukumbu.

Wanaohudhuria kliniki ya sukari watanielewa haraka. Mtu anakula anavyotaka miezi miwili na nusu. Siku tatu kabla ya kliniki anaacha chapati na soda, anameza dawa zote bila kuruka, anakuja kifua mbele. Anachomwa kidole, mashine inasoma 6, anapongezwa. Halafu majibu ya HbA1c yanatoka: asilimia 11. "Sista, hii mashine yenu mbovu!" Hapana mzee wangu, siyo mbovu. Ila kuna watu ambao kipimo hiki kinawadanganya kweli, na ili uwajue ni akina nani inabidi tuanze mbali kidogo, kwenye ugonjwa mwingine kabisa.

Zamani sukari ilitafutwa kwenye mkojo. Unaweka matone ya mkojo kwenye dawa ya bluu ya Benedict, unachemsha, unaangalia rangi: bluu ikibaki salama, ikigeuka nyekundu ya tofali kuna kazi. Shida ni kwamba mpaka sukari ifike mkojoni, kwenye damu imeshapanda sana. Na mkojo unakueleza ya saa chache zilizopita tu.

Sasa twende kwenye selimundu, au sikoseli kama tulivyozoea kuiita. Mwaka 1949, huko California, Linus Pauling na wenzake walipitisha umeme kwenye hemoglobini ya wagonjwa wa selimundu wakaona inatembea tofauti na ya watu wengine. Protini yenyewe ina kasoro! Baada ya hapo maabara nyingi duniani zikaanza kuwinda hemoglobini za ajabu ajabu kwa njia hiyo ya umeme. Mwaka 1958 watafiti wa chuo kilekile cha Pauling waliichuja hemoglobini ya kawaida, wakakuta ndani yake kuna vifungu vidogo vidogo. Wakavipa majina: A1a, A1b, A1c. Kwa hiyo ile "c" inayowatisha kwenye fomu ni alama tu ya mpangilio. Hakuna aliyejua kama ina uhusiano wowote na sukari.

Aliyegundua ni daktari wa Iran, Samuel Rahbar, mzaliwa wa Hamadan, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Tehran. Alikuwa anapima damu za wagonjwa wa hospitali akitafuta hizohizo hemoglobini za ajabu. Kwa wagonjwa wawili akaona mstari usio wa kawaida. Akafuatilia: wote wawili wana kisukari. Angeweza kusema ni bahati mbaya ya mashine na kuendelea na kazi zake. Yeye akatafuta wagonjwa zaidi wa kisukari, akapima 47, mstari ukaonekana tena. Akachapisha mwaka 1968. Kisha akaenda New York kufanya kazi na Helen Ranney, mama ambaye jina lake lilijengwa na utafiti wa selimundu, na mwaka 1969 wakathibitisha pamoja kwamba mstari ule ni ile A1c.

Kinachotokea ni rahisi kuelewa ukiwa umewahi kupikia kuni. Moshi wa siku moja hauonekani kwenye sufuria, lakini wa miezi mitatu ni masizi hasa. Sukari nayo inajibandika kwenye hemoglobini taratibu, na ikishang'ang'ania haitoki. Chembe nyekundu inaishi siku kama 120, halafu mwili unaitupa. Kwa hiyo ukipima hemoglobini ngapi zimebandikwa sukari, unapata picha ya wiki nane hadi kumi na mbili zilizopita. Siku tatu za kuacha chapati hazisugui masizi hayo. Mwaka 1976 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba sukari ya mgonjwa ikidhibitiwa, A1c yake nayo inashuka polepole.

Msidhani ni jambo dogo. Miaka hiyo madaktari walikuwa wanabishana: je, kushusha sukari kunazuia kweli upofu na figo kufa, au tunawatesa wagonjwa bure? Huwezi kumaliza ubishi kama huna namna ya kujua sukari ya mtu kwa miezi na miaka. Kipimo kikapatikana. Utafiti mkubwa ukaanza Marekani na Kanada mwaka 1983, watu 1,441 wa kisukari aina ya kwanza. Kundi moja lilitunzwa kwa matibabu ya kawaida ya wakati ule, A1c karibu asilimia 9. Jingine lilikazwa, karibu asilimia 7. Majibu ya mwaka 1993: kwa wale ambao macho yao yalikuwa bado mazima mwanzoni, hatari ya macho kuharibika ilipungua kwa asilimia 76 kwenye kundi lililokazwa. Ubishi ukaisha. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likakubali A1c ya asilimia 6.5 na kuendelea itumike hata kutambua kisukari chenyewe.

Rahbar alihamia California mwaka 1979, akafanya utafiti huko mpaka alipofariki mwaka 2012. Wagonjwa wangapi wanajua jina lake? Kwa kweli hata sisi manesi darasani hatukutajiwa.

Sasa ule udanganyifu. Kipimo hiki kimetokana na uwindaji wa hemoglobini za ajabu, na hizohizo ndizo zinazokipotosha. Kwetu Afrika Mashariki wenye vinasaba vya selimundu ni wengi, maana kama Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alivyoonyesha mwaka 1954, mwenye kurithi kimoja tu (AS) anapata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Mwenye SS hana hemoglobini A kabisa, na chembe zake zinakufa mapema, kwa hiyo A1c haimfai. Mwenye AS anajiona mzima na mara nyingi hajui kama anacho. Utafiti wa Wamarekani weusi zaidi ya 4,600, uliochapishwa mwaka 2017, ulikuta A1c ya wenye AS iko chini kwa karibu 0.3 ikilinganishwa na wenzao, hali sukari zao zinalingana. Mtu wa 6.6 anasomeka 6.3, anaambiwa "bado hujafika", anarudi nyumbani na kisukari chake.

Si selimundu peke yake. Ukiwa umeongezewa damu karibuni, au malaria imevunja chembe zako, usomaji unaharibika. Upungufu wa madini ya chuma nao unaweza kuupandisha bila sukari kupanda, kwa hiyo mama wajawazito mliochoka damu sikieni hilo.

Ukiandikiwa HbA1c, mwambie anayekupima: nina selimundu, au mdogo wangu anayo, au niliongezewa damu mwezi uliopita. Majibu yakigombana na ya kidole wiki baada ya wiki, uliza. Kuna fruktosamini, inayopima sukari iliyojibandika kwenye protini nyingine za damu, hasa albumini. Kumbukumbu yake ni fupi, wiki mbili tatu, lakini haijali hemoglobini yako ni ya namna gani. Haipo kila maabara. Isipokuwepo, kuna kupima sukari kabla ya kula na saa mbili baada ya kula, siku kadhaa, na kuandika kwenye daftari.

Sehemu ya 5 ni troponini, protini ya moyo. Wenye wazee wanaolalamika kifua, msikose.