Kaimu wa Hazina ya Msimbo

Katika zama ambazo kompyuta zilikuwa adimu, na wenye kuzitumia walikuwa adimu zaidi, kuihifadhi kazi ya mwandishi wa programu lilikuwa shauri la mtu na mashine yake. Na hata mwaka 1972, Marc Rochkind wa maabara ya Bell huko Marekani alipobuni SCCS, chombo cha kuhifadhi kila badiliko la msimbo pamoja na siku yake, mwenye kulitia na sababu yake, amana hiyo yote ilikaa pahala pamoja. Desturi ya hazina moja iliendelea katika CVS, kisha katika Subversion iliyoanzishwa mwaka 2000: mafundi walio mbalimbali duniani waliitegemea seva moja, nayo ilipozimika, hapakuwa na awezaye kuikabidhi kazi yake wala kuitazama historia ya kazi za wenziwe.

Haja ya seva ya kaimu, ya kushika nafasi ya ile kuu, ikawa dhahiri. Mwaka 2006 toleo la 1.4 la Subversion lilikuja na svnsync, ambayo ililichukua kila badiliko lililokubaliwa katika seva kuu na kulirudia katika seva ya pili, kwa mpango ule ule na kwa nambari ile ile. Hapana mtu aliyeruhusiwa kuandika katika ile ya pili ila mnakili peke yake. Na msimamizi mwenye hadhari aliipa kitambulisho kile kile cha asili, ili siku ya msiba, anwani ikigeuzwa, programu za mafundi ziikubali bila ubishi. Lakini svnsync haikuchukua taratibu za ulinzi wala orodha za ruhusa. Aliyesahau kuzinakili mwenyewe alipata kaimu aliyerithi mali bila sheria.

Mwaka mmoja kabla ya hapo Linus Torvalds, mwanzilishi wa mfumo wa Linux, alikuwa ameandika Git, ambamo kila fundi huwa na nakala kamili ya historia yote, na kila kitu kwa kawaida hutambulikana kwa alama 40 zinazohesabiwa kutokana na yaliyomo. Fadhila yake ilidhihirika mwaka 2011, wahalifu walipoingia katika seva za kernel.org, makao ya msimbo wa Linux: nakala zilizotapakaa duniani ziliweza kushuhudia kama msimbo huo umeguswa, na Torvalds akahamia huduma ya GitHub kwa muda, kazi ikaendelea.

Ushindi huo haukuondoa hatari. Machi 2013, mashine iliyobeba hazina zipatazo 1,500 za KDE, mradi wa programu huria, ilizimwa ili itiwe marekebisho ya usalama, na ilipowashwa, mafaili yake yalikuwa yameharibika. Seva za kaimu, zilizonakili kama katibu asiyejua kusoma, ziliipokea orodha ya hazina iliyoharibika, zikaona nyingi hazimo, zikazifuta za kwao. Iliyowaokoa ni seva moja ambayo uharibifu ule ulikuwa haujaifikia.

Hivyo basi, seva ya kaimu na nakala ya akiba ni mambo mawili: ya kwanza hutakiwa kuwa karibu mno na asili, ili kazi isisimame, ya pili hutakiwa kubaki nyuma yake, kwa saa au kwa siku, na kuhakikiwa, ili kosa la leo lisiifikie kazi ya jana. Mwenye kuweka ile ya kwanza akadhani ameweka zote mbili amejikinga na kuzimika, hakujikinga na kuharibika.