Hofu pekee haimzuii dereva mkaidi

JIONI ya Juni 30, 2023, lori liliacha njia katika makutano ya Londiani, kaunti ya Kericho, na kuwavamia wachuuzi, wahudumu wa bodaboda na abiria waliokuwa kando ya barabara. Watu zaidi ya 50 waliangamia.

Picha za mkasa huo zilitanda magazetini na kwenye runinga kwa siku nyingi. Iwapo kuna jambo ambalo lingeweza kuwatia madereva hofu ya kudumu, basi ni lile.

Hata hivyo, takwimu za Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA, zinaonyesha kuwa waliofariki katika ajali za barabarani nchini walikuwa 4,324 mwaka huo wa 2023, na mwaka uliofuata idadi hiyo ikapanda hadi 4,748.

Takwimu hizo zinaibua swali ambalo wataalamu wa mataifa mengi wamelishughulikia kwa zaidi ya miongo mitatu: Je, kampeni za kutisha, zenye damu, maiti na vilio, humfanya dereva mkaidi kupunguza mwendo?

Waasisi wa kampeni hizo waliamini kile ambacho Waswahili wamekisema tangu jadi, kwamba ukiona mwenzako ananyolewa, zako tia maji. Utafiti unaonyesha kuwa dereva mkaidi aghalabu humwona mwenzake akinyolewa, akamsikitikia, kisha akaenda zake na nywele kavu.

Mfano wa Victoria

Kampeni inayotajwa zaidi katika mjadala huu ilianza Desemba 1989 katika jimbo la Victoria, Australia. Iliendeshwa na Transport Accident Commission, taasisi ya serikali ya jimbo hilo inayowalipa fidia waathiriwa wa ajali za barabarani.

Tangazo lake la kwanza la runinga liliwapeleka watazamaji hadi chumba cha dharura hospitalini. Msichana ameletwa akiwa taabani, mpenzi wake aliyekuwa akiendesha gari akiwa amelewa anabubujikwa na machozi, nao wazazi wa msichana wanamkabili kwa uchungu na hasira. Ujumbe wa mwisho haukuwa na staha: anayekunywa pombe kisha akaendesha gari ni mpumbavu wa kutupwa.

Mwaka huo wa 1989 watu 776 walikufa katika barabara za Victoria. Kufikia mwaka wa 1992 idadi hiyo ilikuwa imeshuka hadi 396. Ni nadra kwa eneo lolote duniani kupunguza vifo kwa karibu nusu katika muda wa miaka mitatu, na si ajabu kwamba mataifa mengine yaliiga matangazo ya aina hiyo.

Lakini walioiga picha pekee walisahau mambo mengine yaliyofanyika wakati uo huo. Polisi wa Victoria walipewa mabasi maalumu ya kuwapima madereva pombe, na mabasi hayo yakawa yakitokea mahali popote na saa yoyote. Kuanzia mwaka wa 1990, kamera za kunasa wanaoendesha kwa kasi ziliwekwa kwa wingi. Fauka ya hayo, uchumi ulikuwa umezorota, na watu wasipokuwa na fedha hupunguza safari na ulevi.

Kwa hivyo, dereva wa Victoria alipoona tangazo usiku, hakuhofia kaburi tu. Alijua pia kuwa kesho yake angeweza kusimamishwa, akapimwa na kupokonywa leseni. Kifo ni jambo ambalo kila mtu hudhani liko mbali, ilhali polisi aliye kwenye kona inayofuata ni jambo la leo.

Yanayotendeka akilini

Uchunguzi kuhusu hofu kama chombo cha kuwashawishi watu ulianza kabla ya matangazo hayo. Mwaka wa 1953, wanasaikolojia wa Marekani Irving Janis na Seymour Feshbach waliwapa wanafunzi mihadhara kuhusu usafi wa meno. Kundi moja lilionyeshwa picha za kuogofya za meno na fizi zilizooza, na kundi jingine likaelezwa kwa upole. Waliotishwa sana ndio waliobabaika zaidi, lakini waliotishwa kidogo ndio waliofuata mawaidha zaidi.

Mwaka wa 1992, mtaalamu wa mawasiliano Kim Witte alitoa maelezo yanayokubaliwa na wengi kuhusu hali hiyo. Mtu anapotishwa hujiuliza maswali mawili. La kwanza ni iwapo hatari hiyo inamhusu. La pili ni iwapo kuna jambo analoweza kulifanya ili aiepuke.

Akipata majibu ya maswali yote mawili, huishughulikia hatari yenyewe. Akikosa jibu la swali la pili, huishughulikia hofu badala ya hatari: hufumba macho, hufanya mzaha, au hujiambia kuwa hayo huwapata wasiojua kuendesha.

Kwa vijana wa kiume, ambao ndio hulengwa mara nyingi na kampeni hizo, mambo huweza kuwa mabaya zaidi. Mwaka wa 1999, watafiti wa Israeli Orit Taubman Ben-Ari, Victor Florian na Mario Mikulincer walichapisha matokeo ya majaribio waliyowafanyia wanajeshi vijana. Waligundua kwamba wale waliouona ustadi wa kuendesha gari kuwa sehemu ya fahari yao walielekea kuendesha kwa hatari zaidi baada ya kukumbushwa kifo.

Kwa kijana kama huyo, usukani ni mahali pa kuonyesha ujasiri. Ukimkumbusha kuwa atakufa, yeye hutafuta la kumthibitishia kuwa angali jabari, na la karibu zaidi ni kukanyaga mafuta.

Takwimu zinasemaje?

Mwaka wa 2013, watafiti Rachel Carey, Daragh McDermott na Kiran Sarma walikusanya matokeo ya tafiti 13 zilizofanywa kati ya 1990 na 2011 kuhusu ujumbe wa kuwatisha madereva. Walibaini kuwa ujumbe huo ulifaulu vyema kuwatia watu hofu. Hata hivyo, hawakuona athari yoyote ya maana katika jinsi watu hao walivyoendesha au walivyokusudia kuendesha.

Mfano mwingine ulitoka Marekani. Tangu Agosti 2012, jimbo la Texas lilikuwa likionyesha kwenye mabango ya elektroniki ya barabara kuu idadi ya watu waliokufa barabarani tangu mwaka kuanza. Idadi hiyo ilionyeshwa wiki moja tu katika kila mwezi, jambo lililowapa watafiti nafasi ya kulinganisha wiki hiyo na nyingine.

Jonathan Hall na Joshua Madsen walichapisha matokeo yao mwaka wa 2022 katika jarida la Science. Idadi ya vifo ilipoonyeshwa, ajali ziliongezeka kwa asilimia 4.5 katika kilomita 10 zilizofuata baada ya bango. Kadiri idadi iliyoonyeshwa ilivyokuwa kubwa ndivyo madhara yalivyozidi. Walieleza kuwa habari nzito ya aina hiyo humvuruga dereva mawazo wakati ule ule anaohitaji kuwa makini.

Haya hayamaanishi kuwa kampeni za usalama ni kazi bure. Uchambuzi uliochapishwa mwaka wa 2011 na watafiti wa Norway, Ross Phillips, Pål Ulleberg na Truls Vaa, uliojumuisha tafiti 67, ulionyesha kuwa kampeni kwa jumla huandamana na upungufu wa ajali wa karibu asilimia 9. Zilizofanya vyema ni zile zilizowafikia watu ana kwa ana au barabarani kwenyewe, na zile zilizoambatana na msako wa polisi.

Jaribio la matatu za Kenya

Miongoni mwa ushahidi mzito zaidi kuhusu suala hili, upo uliopatikana hapa nchini, ndani ya matatu.

Kuanzia mwaka wa 2008, wataalamu wa uchumi James Habyarimana na William Jack, wa Chuo Kikuu cha Georgetown cha Marekani, waliendesha jaribio katika matatu za masafa marefu. Magari yaliyochaguliwa kwa kura yalibandikwa vibandiko ndani, mbele ya macho ya abiria. Baadhi vilikuwa na maandishi tu, na vingine vilikuwa na picha za kutisha za majeruhi. Madereva waliovihifadhi vibandiko hivyo waliingizwa katika bahati nasibu ya kila wiki.

Ujumbe wenyewe haukumlenga dereva. Uliwalenga abiria, ukiwahimiza wasikae kimya dereva anapohatarisha maisha yao, bali wapaze sauti.

Watafiti walipochunguza madai ya bima, waligundua kuwa madai ya magari yaliyokuwa na vibandiko yalipungua kwa kati ya nusu na thuluthi mbili.

Jaribio la pili lilihusisha magari yapatayo 12,000, na matokeo yake yakachapishwa mwaka wa 2015. Safari hii madai ya bima yalipungua kwa kati ya robo na thuluthi, na watafiti wakakadiria kuwa ajali 140 ziliepukwa kwa mwaka. Kampeni hiyo ilipata jina lililoeleweka na kila abiria: Zusha!

Mambo matatu katika matokeo hayo yanastahili kuzingatiwa. Kwanza, picha zenye kugusa hisia zilisaidia sana kuwachochea abiria. Pili, ujumbe uliofaulu zaidi ni ule uliowataka abiria kuungana na kusema kwa pamoja. Tatu, matangazo ya redio yaliyoandamana na vibandiko hayakuonekana kuwa na athari yoyote kwa madai ya bima.

Kwa nini picha ya kutisha ishindwe kwingine ilhali ilisaidia ndani ya matatu? Jibu limo katika yale maswali mawili ya Witte. Abiria hana fahari ya usukani ya kuilinda. Hatari inamhusu moja kwa moja, kwani amo ndani ya gari. Aidha, ana jambo la kufanya papo hapo: kumwambia dereva apunguze mwendo. Anayeisikia redio akiwa sebuleni hana dereva wa kukemea.

Mwendo wa magari yenye vibandiko ulipungua kwa kilomita moja hadi mbili tu kwa saa. Huenda hilo likaonekana dogo, lakini kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, WHO, kila asilimia 1 inayoongezeka katika wastani wa mwendo huongeza hatari ya ajali mbaya ya kuua kwa asilimia 4.

Mipaka ya sauti ya abiria

Pamoja na mafanikio hayo, ingekuwa kosa kumtwika abiria mzigo wote. Wanaokufa kwa wingi zaidi katika barabara za Kenya ni watu wanaotembea kwa miguu. Mama anayevuka barabara kuu jioni akitoka sokoni hana kibandiko cha kusoma wala dereva wa kukemea. Wokovu wake umo katika kivukio, tuta, taa ya barabarani na sheria inayotekelezwa.

Kuhusu sheria, Wakenya wanakumbuka kanuni zilizoanza kutekelezwa Februari 2004 chini ya aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, marehemu John Michuki. Matatu zililazimishwa kuwa na vidhibiti mwendo visivyozidi kilomita 80 kwa saa, mikanda ya usalama na mstari wa manjano, na msongamano wa abiria ukapigwa marufuku.

Nidhamu ilirejea kwa muda, bila picha hata moja ya maiti. Utekelezaji ulipolegea, vidhibiti mwendo vilianza kuchezewa na abiria wakaanza kujazwa tena. Dereva alitii alipoamini kuwa atakamatwa, na akaacha kutii alipoona kuwa noti chache zingeyamaliza mambo kizuizini.

Funzo linalotokana na Victoria, Texas na Kenya ni kwamba picha ya kutisha ni kama honi. Inaweza kumgutusha mtu, lakini haiwezi kulisimamisha gari. Kampeni inayotaka kuokoa maisha sharti imfikie mtu mahali anapoweza kutenda, imweleze la kufanya, na iungwe mkono na sheria isiyonunulika.

Wanaopanga kampeni wakati wa Pasaka na Desemba, msimu ambapo magari hujaa barabarani na makaburi kuongezeka vijijini, wana sababu ya kujiuliza fedha zao zinaenda wapi. Tangazo la damu huzungumziwa sana na hugharimu pesa nyingi. Kibandiko kilicho mbele ya abiria 14 hakizungumziwi na yeyote, lakini abiria mmoja akisema, "Dereva, punguza mwendo," na wengine 13 wakamuunga mkono, dereva hana budi kusikia.