Sukari, Dawa na Kisukari: Neno Moja Katika Ufuo wa Ziwa Mweru

Jina la Kilwa humpeleka msomaji wa Kiswahili moja kwa moja pwani, kwenye magofu ya Kilwa Kisiwani. Lakini iko Kilwa nyingine, mbali na bahari. Ni kisiwa kilichomo ndani ya Ziwa Mweru, upande wa Zambia. Upo pia mji wenye jina hilohilo katika ufuo wa magharibi, nchini Kongo. Katika ufuo wa mashariki ipo wilaya ya Nchelenge, mkoa wa Luapula. Karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilifika huku kutafuta pembe za ndovu, shaba na watumwa, na lugha yetu ikafika pamoja nayo.

Makala haya yanafuata neno moja tu katika njia hiyo, nalo ni sukari. Neno hili limewahi kutaja anasa, kisha dawa, na sasa ugonjwa. Sisi walimu wa lugha tuna sababu ya kulitazama kwa makini, kwa kuwa maana hizi zikichanganywa, mtu anaweza kudhurika.

Safari ya neno na kitu

Asili ya neno ni Kisanskriti, sharkara, lililomaanisha changarawe au punje za sukari. Waajemi wakasema shakar, Waarabu sukkar, na Waswahili wakapokea sukari. Neno la Kiingereza, sugar, ni ndugu yake wa ukoo huohuo.

Kitu chenyewe kilikuwa na historia chungu. Katika karne ya 19, wenye mashamba wa bonde la Mto Pangani walilima miwa kwa nguvu za watumwa, na wengi wa watumwa wa pwani walikuwa wametolewa bara. David Livingstone alipofika Ziwa Mweru tarehe 8 Novemba 1867, alikuwa akisafiri na wafanyabiashara wa misafara hiyohiyo. Kwa hiyo utamu uliotiwa katika vikombe vya pwani ulikuwa na deni kwa watu wa bara ambao wenyewe hawakuuonja.

Huku ziwani utamu ulikuwa asali, matunda na muwa wa kutafuna. Mabadiliko yalikuja na migodi. Miji ya migodi ya Katanga na ya Ukanda wa Shaba ilihitaji chakula, na samaki wa Mweru wakapata soko. Samaki walikwenda, fedha zikarudi, na fedha hizo zikanunua vitu vya dukani: nguo, chumvi, sabuni, majani ya chai na sukari. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kiwanda cha Nakambala, huko Mazabuka, kusini mwa Zambia, kilianza kusaga miwa ya nchini. Sukari ikaacha kuwa kitu cha wageni.

Sukari inageuzwa dawa

Bonde la Luapula lilikuwa na msiba wake. Tangu zama za ukoloni, waganga wa macho waliona huko idadi kubwa ya vipofu, na wengi wao walikuwa wamepofuka wakiwa watoto. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni surua na ukosefu wa vitamini A. Ugali wa muhogo mweupe hushibisha, lakini hauna vitamini hiyo. Mtoto anayeikosa huanza kwa kutoona vizuri jioni, na hali ikizidi, kioo cha jicho huharibika. Kinga ya mwili nayo hudhoofika, hata surua ikaweza kumwua.

Mwaka 1998 Zambia ilichukua hatua ambayo Guatemala na majirani zake waliitangulia katika miaka ya 1970: sukari ya matumizi ya nyumbani ilitakiwa itiwe vitamini A. Hoja ilikuwa wazi. Sukari ilitoka katika viwanda vichache na ilinunuliwa nchi nzima, hivyo ilikuwa rahisi kuitumia kama mtumbwi wa kuvushia vitamini.

Hapa kuna jambo la kutafakari. Kilichotibu ni vitamini, si sukari. Tena, agizo lililenga sukari ya mezani, si ile inayonunuliwa na viwanda vya soda na biskuti. Anayekunywa soda kwa imani kwamba "sukari yetu ina dawa" anaupata mtumbwi bila abiria. Aidha, mtumbwi huu haukufika sawasawa kila mahali: nyumba iliyokuwa maskini zaidi, yenye mtoto aliyeihitaji vitamini zaidi, ndiyo iliyonunua sukari kidogo kuliko zote. Na ziwa lenyewe lina chisense, wale samaki wadogo wanaokaushwa na kuliwa wazima, kichwa na yote. Samaki wadogo wa namna hiyo wana vitamini A bila kijiko hata kimoja cha sukari.

Sukari inageuka ugonjwa

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na maji ya matunda, isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayopata katika chakula. Kwa mtu mzima hiyo ni kama gramu 50, au vijiko 12 vya chai kwa siku. Ni bora zaidi ikiwa nusu ya hapo. Chupa ya soda ya kawaida ya mililita 300 huwa na gramu 30 na zaidi, karibu vijiko 8. Chupa mbili zimekwisha kuvuka mpaka, na chai ya asubuhi haijahesabiwa.

Utamu wa kunywa hauleti shibe kama chakula cha kutafuna, hivyo hujiongeza juu ya mlo badala ya kuchukua nafasi yake. Matokeo yake ni kuoza kwa meno, unene, mafuta katika ini, na hatari kubwa zaidi ya kisukari cha aina ya pili na maradhi ya moyo. Wala vikoleza utamu visivyo sukari si kimbilio. Mwaka 2023 Shirika hilohilo lilishauri visitumiwe kama njia ya kupunguza uzito.

Sasa tulitazame neno kisukari. Ngeli ya ki-vi ina maradhi mengi: kifafa, kichocho, kikohozi, kipindupindu. Kisukari kimekaa vizuri katika ukoo huo, na watu husema pia "ana sukari" au "sukari imepanda". Lakini sukari inayotajwa hapa ni ile iliyomo katika damu, si ile ya kwenye kopo jikoni. Kutokana na mchanganyiko huo hutokea makosa matatu.

Kosa la kwanza ni la mgonjwa anayeacha sukari katika chai, kisha akala mlima wa ugali. Ugali ni wanga, na wanga huwa sukari mwilini. La pili ni kumlaumu mzazi wa mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza, kana kwamba alimlisha peremende. Ugonjwa huo hutokea kinga ya mwili inapoharibu chembe zinazotengeneza insulini, na peremende hazihusiki. Kosa la tatu ndilo la hatari ya haraka. Mtu anayetumia insulini anaweza kushukiwa na sukari ya damu, akatetemeka, akatoka jasho na kuchanganyikiwa. Akiwa bado anaweza kumeza, anahitaji kitu kitamu papo hapo. Ndugu anayemnyima kwa kuwa "yeye ana kisukari" ametii neno na kumdhuru mgonjwa.

Kwa walimu

Hatuna haja ya kulifuta neno kisukari, maana limekwisha kuota mizizi. Tunachoweza ni kulifundisha pamoja na historia yake. Waulizeni wanafunzi: katika sentensi "sukari yake imeshuka", ni sukari ipi? Imeshuka wapi? Na aliye karibu naye afanye nini? Mwanafunzi anayejibu maswali hayo barabara amejifunza maana ya neno, na siku moja huenda akaokoa mtu.