Bango la roki linapigwa mnada, la dansi letu liko wapi?



Wengi wetu tunajua kwamba Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946 akiitwa Farrokh Bulsara, na kwamba familia yake ilihamia Uingereza mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Lisilosemwa sana ni kuwa bwana huyu alisomea uchoraji, si muziki. Alimaliza Ealing Art College, London, mwaka 1969, na nembo ya Queen yenye simba na kaa aliibuni mwenyewe. Pete Townshend wa The Who naye alipita chuo hicho hicho. Michael English, mmoja wa wachoraji wakubwa wa mabango ya roki London mwaka 1967, vile vile.

Si bahati tu. Miaka ile roki na sanaa ya pop zilikuwa chanda na pete. Sanaa ya pop ilichukua vitu vya dukani na magazetini, kopo la supu, katuni, sura ya mwigizaji wa sinema, ikavitundika kama sanaa kamili. Andy Warhol alionyesha makopo yake ya supu mwaka 1962. Mei 1966 alikwenda San Francisco na bendi ya Velvet Underground, kwenye ukumbi wa Fillmore wa Bill Graham, na bango la onyesho lile, lenye jina la Warhol, lilichorwa na Wes Wilson. Mwenzake Wilson, Victor Moscoso, aliyefundishwa na Josef Albers huko Yale, alikuwa akiweka pamoja rangi zinazogombana mpaka unaona herufi zinacheza.

Karatasi hizo zilikuwa za kubandikwa leo na kutupwa kesho. Zilipona kwa sababu kuna watu walizibandua wakaenda nazo nyumbani. Mfululizo wa Graham una namba, na mwenye la 7 na la 9 hatalala mpaka apate la 8, ambalo ndilo hilo la Warhol. Wakusanyaji wana sheria zao pia: lililochapwa kabla ya onyesho lina bei kuliko lililochapwa baadaye, hata kama mchoro ni ule ule. Basi soko limekuwa soko. Septemba 2023 mali za Freddie zilipopigwa mnada na Sotheby's London, piano yake peke yake ilipita pauni milioni 1.7.

Sasa turudi kwetu. Septemba 1974 lilifanyika Kinshasa tamasha la siku 3 lililoitwa Zaire 74. Walikuwapo James Brown, B.B. King, Miriam Makeba, Celia Cruz, Franco na Tabu Ley. Filamu yake, Soul Power, ilitoka mwaka 2008, miaka 34 baadaye, tena kwa kazi ya Wamarekani. Angalau ile ilihifadhiwa. Je, mabango ya dansi ya Dar es Salaam, Tanga, Morogoro na Mombasa nani anayo?

Msidhani nalilia karatasi kwa ajili ya fedha. Bango ni ushahidi. Chukulia umepata moja limeandikwa "JUWATA Jazz, Jumamosi 14 Mei", bila mwaka, kama ilivyo kawaida ya matangazo. Bendi ile ilianza ikiitwa NUTA Jazz mwaka 1964, ikawa JUWATA mwishoni mwa miaka ya 1970, kisha OTTU mwanzoni mwa miaka ya 1990, kila chama cha wafanyakazi kilipobadilishwa jina. Leo ni Msondo Ngoma. Ndani ya kipindi cha JUWATA, 14 Mei iliangukia Jumamosi mwaka 1983 na 1988 tu. Tazama kiingilio: shilingi ilianguka sana kati ya miaka hiyo, kwa hiyo bei itakwambia ni mwaka upi. Hapo umepata tarehe, ukumbi, bei na mwenye bendi, bila kumsumbua mzee kwa maswali ya miaka 40 iliyopita.

Naandika haya nikiwa Al Thumama, Doha. Uwanja wa mpira wa mtaa huu, uliosanifiwa na Ibrahim Jaidah, una umbo la gahfiya, kofia ndogo ya kufuma kama zile zetu. Bango rasmi la Kombe la Dunia 2022 alilichora msanii wa hapa, Bouthayna Al Muftah, naye akachora vilemba na agali vikirushwa juu. Wenyeji wamekitazama kitu cha kuvaliwa kila siku wakaona kina historia ndani yake. Sisi tunangoja nini?

Hebu tuanze na masanduku ya wazazi wetu. Ukikuta bango, tiketi au tangazo la dansi au taarabu, usiligandishe kwa selotepu na usilitundike juani. Lipige picha mbele na nyuma, andika lilipatikana wapi na kwa nani, kisha liweke kwenye bahasha safi, pakavu. Bei ije au isije. Mtafiti atakayekuja miaka 30 kutoka sasa atahitaji kitu cha kushika, na wakati huo wengi wetu hatutakuwepo kumsimulia.

Nawakilisha.