Mgongano wa matoleo ya maktaba za programu

Mgongano wa matoleo ni hitilafu inayotokea pale sehemu za programu moja zinapohitaji matoleo yasiyopatana ya maktaba ileile. Mfano mashuhuri ni NumPy, maktaba ya hesabu ya lugha ya Python. Toleo lake la 2.0, lililotoka Juni 2024, lilibadilisha muundo wa ndani, na vifurushi vingi vilivyojengwa kwa matoleo ya 1 vikagoma kufanya kazi nalo. Mradi uliokuwa mzima jana ungeweza kuanguka leo bila mtu kugusa hata herufi moja ya msimbo, kwa kuwa tu kisakinishi cha pip kilichukua toleo jipya.

Utatuzi huanza kwa kusoma ujumbe wa hitilafu mpaka mwisho. Wengi hukimbilia kufuta na kusakinisha upya kila kitu, hali ujumbe wa NumPy wenyewe hutaja chanzo na kushauri kushusha toleo. Kuandika `numpy<2` kwenye faili la mahitaji hurudisha kazi haraka, lakini hiyo ni nafuu ya muda; tiba hasa ni kupandisha kifurushi kilichobaki nyuma, au kukijenga upya kwa NumPy 2.0. Amri ya `pip check` husaidia, ila hulinganisha mahitaji yaliyotangazwa tu: kifurushi kisichotaja kikomo cha toleo la NumPy hupita salama, kisha huvunjika programu inapoendeshwa.

Ili toleo linalohitajiwa na mradi mmoja lisivuruge mwingine, mazingira pepe, yaliyoingizwa rasmi katika Python 3.3 mwaka 2012, hutenganisha maktaba za kila mradi.